Togwa ya Matombo: Kinywaji cha Harusi Kisicholevya na Safari Yake



Sisi wa visiwani tukitaja kinywaji cha harusi tunajua tunachokitaja: sharubati ya ukwaju, juisi ya bungo, embe, pasheni, au maziwa ya baridi yaliyotiwa hiliki. Lakini mabiharusi wetu wa leo hawaolewi Unguja na Pemba peke yake. Wapo wanaovuka bahari kwenda ukweni bara, na wakifika Morogoro, hasa upande wa milima ya Uluguru, huenda wakakaribishwa kwa togwa. Hapo moyo huingia wasiwasi. Mtu wa pembeni anakunong'oneza, "Hiyo si pombe hiyo?" Ukiikataa, unamvunja moyo mama mkwe aliyeamka alfajiri kukupikia. Ukiinywa, unahofia dini yako. Na mbele ya wageni huwezi kumwuliza mtu.

Swali hili si dogo, na jibu lake si la kubahatisha. Leo tutalitafuta katika historia: tuone togwa imetoka wapi, imepita mikono gani, na dini yetu iliwahi kusema nini juu ya vinywaji vya aina hii tangu zama za Madina. Mwisho nitakupa namna ya kuitayarisha mwenyewe nyumbani, tamu, baridi, na isiyo na shaka.

Togwa ni nini hasa?

Togwa ni uji mwepesi uliotiwa kimea. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa ikaota, ikaanikwa ikakauka, kisha ikasagwa. Neno lenyewe linajieleza: kimea ni kile kilichomea. Punje inapoanza kuota, ndani yake huzaliwa vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari, maana mche mchanga unahitaji chakula chepesi. Ukikitia kimea hicho katika uji wa vuguvugu, kazi ile ile inafanyika ndani ya sufuria. Uji mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi kama maji ya matunda, na unakuwa mtamu bila ya kutiwa hata kijiko cha sukari.

Sasa sikiliza kwa makini, kwani hapa ndipo penye utata wote. Hatua hiyo hiyo ya kwanza ndiyo hatua ya kwanza ya kupika pombe ya nafaka. Mwenye kutaka pombe huuacha mchanganyiko siku kadhaa uchache. Mwenye kutaka togwa huunywa ungali mchanga. Chungu ni kimoja, unga ni ule ule, na kinachotenganisha ni muda. Ndiyo maana kamusi za zamani za Kiswahili ziliieleza togwa kuwa ni pombe isiyochacha, na ndiyo maana wengi wetu tukilisikia jina hili tunaingiwa na hofu.

Nafaka zilizotangulia

Siku hizi togwa nyingi hupikwa kwa unga wa mahindi, lakini mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, yakafika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi mwishoni mwa karne ya 15. Kabla yake, wanawake wa Afrika Mashariki walitumia ulezi na mtama, na hizo mbili ni nafaka za Afrika yenyewe. Ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za upande wetu huu, Uganda na Ethiopia, maelfu ya miaka iliyopita, na kutoka huku ukavuka mpaka India. Mtama nao ulianzia upande wa Sudan.

Hata leo, mpishi hodari akitumia unga wa mahindi kwa uji, kimea chake hupenda kiwe cha ulezi. Mgeni alipokelewa, lakini mwenyeji hakuondolewa jikoni. Ulezi ndio unaoipa togwa ile rangi ya hudhurungi na harufu yake ya udongo uliolowa mvua.

Matombo, mlima wenye jina la mama

Ukitoka Morogoro mjini kwa njia ya Bigwa, ukapita Kiroka na Mkuyuni, barabara inakuzungusha upande wa mashariki wa milima ya Uluguru hadi Matombo. Huu ndio upande unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi na mvua zake. Kwa hiyo ni kijani mwaka mzima: ndizi, machungwa, mananasi, minazi ya hapa na pale, na viungo tunavyovijua vyema sisi wa Zanzibar, yaani karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Kutoka katika milima hii, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, ndiko unakoanzia mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Jina lenyewe lina hadithi. Kwa Kiluguru, matombo ni maziwa ya kifua cha mama, na mahali hapa paliitwa hivyo kwa sababu ya miamba ya mlimani inayofanana nayo. Waluguru ni watu wa ukoo wa kikeni. Mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo ilirithiwa kwa kupitia upande huo huo. Si ajabu basi kwamba kinywaji cha nyumba kilikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliolima ulezi, wakauotesha, wakautwanga, wakapika. Palipokuwa na ngoma, tambiko au kulima kwa ujima, pombe ya nafaka ilikuwa na nafasi yake kwa wakubwa. Lakini kabla haijafika huko, ile tamu ya mwanzo ilichotwa ikawekwa kando kwa ajili ya watoto, wanaonyonyesha na kila asiyekunywa kileo. Hiyo ndiyo togwa.

Njia ya misafara

Mashariki na kusini ya milima hii ilipita njia ya misafara iliyotoka pwani. Mnamo Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walivuka kutoka Zanzibar wakaanza safari ya kutafuta maziwa makuu. Mwezi uliofuata walifika Zungomero, kituo kikubwa cha misafara karibu na Kisaki ya leo, kwenye njia ile ile inayoendelea kutoka Matombo. Hapo walikutana wafanyabiashara wa pwani, wapagazi wa Kinyamwezi na wenyeji wa milimani walioshuka kuuza chakula.

Burton hakuwa mtu wa kutusifu. Maandishi yake mengi juu yetu yana kebehi. Lakini alikuwa na jicho la kuona mapishi. Katika kitabu chake cha 1860 aliitaja togwa kwa jina lake, hili hili tunalolitumia sisi. Alieleza kwamba hupikwa kwa mtama, kwamba mwanzoni ni nzito na tamu kama uji uliotiwa asali, na kwamba ikiachwa mpaka ikawa kali hulevya sana. Pombe ya nafaka aliieleza mbali: nusu ya nafaka huloweshwa mpaka iote, hutwangwa ikachanganywa na nusu ya pili, huchemshwa, kisha huachwa ichache.

Dada zangu, angalieni jambo hili. Zaidi ya miaka 160 iliyopita mgeni asiyejua lugha yetu vizuri aliona kile ambacho sisi leo tunakibishania: kinywaji ni kimoja, lakini kina umri wa aina mbili. Kikiwa kichanga ni chakula. Kikikua ni kileo.

Kwa njia hiyo hiyo ya misafara Uislamu ulipanda kutoka pwani kuja bara, ukifuatana na wafanyabiashara, walimu wa chuoni na ndoa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu nao walifika Zanzibar mwaka 1863, Bagamoyo 1868, Morogoro 1882, na mwaka 1897 wakafungua misheni Matombo. Ndiyo maana leo milimani huko utakuta jamaa za ukoo mmoja, huyu anaswali msikitini na yule anasali kanisani. Katika harusi ya watu kama hao, togwa changa ina kazi ambayo pombe haiwezi kuifanya: inawekwa kati, na kila mtu anapewa bilauri yake bila ya kuulizwa dini.

Walivyokunywa Madina

Sasa tugeukie upande wa dini, kwani swali la togwa si geni. Waarabu wa wakati wa Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) walikuwa na kinywaji kiitwacho nabidh: tende au zabibu kavu zilizoloweshwa majini mpaka maji yakawa matamu. Imepokewa kwa Bi Aisha (radhiya Allahu anha) kwamba walikuwa wakimlowekea asubuhi akanywa jioni, na wakimlowekea jioni akanywa asubuhi. Kwa Ibn Abbas imepokewa kwamba alikuwa akinywa siku hiyo, na ya pili, hadi jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki hakukinywa tena. Mapokezi yote mawili yamo katika Sahih Muslim.

Na kwa mabiharusi kuna kisa ninachokipenda zaidi, kilichomo katika Sahih al-Bukhari. Abu Usayd as-Saidi alipooa alimwalika Mtume na masahaba zake. Aliyewahudumia wageni alikuwa biharusi mwenyewe, Umm Usayd. Usiku uliotangulia alikuwa amelowesha tende katika chombo cha jiwe, na wageni walipomaliza kula, akamkoroga Mtume kinywaji kile akampa kama tunu maalumu. Tafakarini: katika harusi ile, kinywaji kilichobaki katika kumbukumbu ya Umma ni maji ya tende yaliyotayarishwa kwa mkono wa biharusi, yakaloweshwa usiku mmoja tu.

Kuhusu nafaka pia waliuliza. Alikuja mtu kutoka Yemen akauliza juu ya kinywaji cha kwao kilichopikwa kwa dhura, yaani mtama, kiitwacho mizr. Mtume hakumwuliza kimepikwa kwa nini wala kinaitwaje. Alimwuliza kama kinalevya. Alipojibiwa ndiyo, akabainisha kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Na imepokewa vilevile kwamba chenye kulevya kikinywewa kingi, basi kidogo chake nacho hakiruhusiwi. Kipimo basi si jina, si nafaka, wala si chungu. Kipimo ni kulevya.

Kuna jambo jingine linalowahusu wapishi. Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina, ulikatazwa kutia nabidh katika vyombo vya aina nne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kibuyu. Baadaye, kama ilivyopokewa kwa Buraida, vyombo viliruhusiwa, na likabaki katazo la kileo chenyewe. Anayejua jiko la bara ataelewa hekima yake haraka. Kibuyu na mtungi hunyonya. Kuta zake zinahifadhi chachu ya jana na juzi, na kinywaji kipya kikitiwa humo huchacha upesi kabla hujatanabahi.

Maabara ya Morogoro

Historia ya togwa haikuishia kwenye misafara. Chini ya milima hiyo hiyo ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, na watafiti wake ni miongoni mwa walioichunguza togwa kwa darubini. Walichokikuta kinafafanua kila kitu.

Ndani ya togwa inayoachwa hufanya kazi viumbe vidogo vya aina mbili. Wa kwanza ni bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa ya wale wanaogandisha mtindi. Hawa huleta uchachu, na katika muda wa siku moja asidi hupanda kiasi cha pH kushuka chini ya 4. Uchachu huo wenyewe haulevyi; bali huzuia vijidudu vingi vya maradhi ya tumbo visiweze kukua, na kwa sababu hiyo watafiti walivutiwa na togwa kama chakula cha watoto. Wa pili ni chachu, jamaa ya hamira tunayotilia mandazi. Hii ndiyo inayokula sukari ikatoa alkoholi.

Kwa hiyo uchachu peke yake si dalili ya haramu, kama ambavyo mtindi si haramu. Lakini togwa inayotoa mapovu mengi, inayofura chupani, inayokwaruza ulimi na kunuka kama pombe, hiyo chachu imeshaanza kazi yake, na wewe usiwe na sababu ya kuendelea nayo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Togwa nayo inywe ingali changa.

Jibu la biharusi

Tukikusanya yote, jibu linakuja lenyewe. Togwa iliyopikwa leo ikanywewa leo, tamu na isiyochacha, ni uji mwepesi uliotiwa kimea, na hali yake ni hali ya nabidh ya usiku mmoja. Ile iliyokaa mpaka ikalevya ni kileo, hata kama kila mtu anaendelea kuiita togwa. Ukifika ukweni, usikatae kwa ukali wala usinywe kwa aibu. Mwulize mama mkwe kwa adabu, "Mama, hii umeipika lini?" Ni swali la mpishi kwa mpishi mwenzake, na atafurahi kukueleza. Ikiwa ni ya leo, sema Bismillah unywe. Ikiwa ni ya juzi, omba maji. Na ukibaki na shaka, muulize mwanachuoni unayemwamini.

Njia bora zaidi ni kuitayarisha wewe mwenyewe, kama Umm Usayd.

Namna ya kuitayarisha togwa ya biharusi

Mahitaji (bilauri 12 hivi):

- Maji, lita 3
- Unga wa mahindi, vikombe 2
- Unga wa kimea cha ulezi, kikombe 1
- Mdalasini, vijiti 2
- Hiliki iliyopondwa, punje 6
- Tangawizi mbichi, kipande cha kidole
- Nanasi moja lililoiva
- Sukari, ukipenda. Mara nyingi haihitajiki

Kimea kinauzwa sokoni bara. Ukikikosa, kifanye mwenyewe. Osha ulezi, uloweshe usiku mmoja, chuja, utandaze juu ya kitambaa kilicholowa na uufunike. Unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vimizizi vyeupe. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha usage. Ukiona ukungu au harufu mbaya, tupa wote uanze upya. Ukitumia mtama badala ya ulezi, sugua uondoe mizizi na machipukizi kabla ya kusaga, kwani machipukizi ya mtama yana sumu.

1. Koroga unga wa mahindi kwa maji baridi kidogo, mimina katika maji yanayochemka yenye mdalasini, tangawizi na hiliki. Pika uji kwa dakika 20 hadi 30 uive vizuri.

2. Ipua, uache upoe mpaka uweze kutia kidole bila kuungua. Hapa usiwe na haraka. Ukitia kimea katika uji unaochemka, vimeng'enya vyake vitaungua na uji hautalegea. Ukisubiri mpaka ukapoa kabisa, kazi itakwenda polepole mno.

3. Tia unga wa kimea, koroga taratibu. Funika kwa muda wa saa moja hadi mbili. Utaona uji umekuwa mwepesi. Onja, utaukuta mtamu.

4. Chuja kwa kitambaa safi au chungio la tui.

5. Rudisha motoni uchemke kwa dakika tano. Hatua hii wengi huiruka, lakini kwetu ndiyo yenye amani: inasimamisha kazi ya kimea na kuua chachu iliyomo.

6. Ipoze haraka, changanya na maji ya nanasi uliyoyasaga na kuyachuja, kisha weka kwenye friji. Tumia chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, kilichosuguliwa vizuri. Kibuyu kiwe pambo la meza, kisiwe ghala.

7. Inywe siku hiyo hiyo. Kwa harusi ya jioni, pika asubuhi. Usipike siku mbili kabla kwa kuogopa kuchoka. Gawaneni kazi na mawifi.

Nanasi katika togwa si desturi ya zamani, nakiri ni mkono wa kisiwani. Lakini nalo lina safari yake: ni tunda la Amerika ambalo Columbus alionyeshwa mwaka 1493 katika kisiwa cha Guadeloupe, Wareno wakalisambaza duniani, na leo linamea kando ya barabara ya Matombo kana kwamba halijawahi kuwa mgeni. Na karafuu na mdalasini wa Uluguru ni ndugu wa hivi vya kwetu. Bilauri moja ya togwa hii ina ulezi wa Afrika, mahindi na nanasi la Amerika, viungo vya Asia, na mkono wa mwanamke aliyejua wakati wa kuipua na wakati wa kusimamisha.

Ujuzi huo wa wakati ndio ulio hatarini. Unga wa kimea utaupata, na friji tunazo. Lakini jicho la bibi anayeonja na kusema, "Hii bado, na ile imeshapita," halinunuliwi dukani. Kabla hujaagiza maboksi ya juisi ya kiwandani kwa ajili ya walima wako, kaa naye jikoni asubuhi moja umtazame anavyofanya. Muulize. Andika vipimo vyake, maana yeye anapima kwa kiganja.

Allah azibariki ndoa zenu, awakutanishe na wakwe wema, na avifanye vinywaji vya nyumba zenu kuwa vya halali na vyenye baraka. Amin.